Kidaka Kisicho na Sanamu: Jibu kwa Mchongaji wa Langoni

SWALI: Asalaam aleikum, Maalim. Mimi ni kijana wa miaka 23, najifunza kuchonga milango kwa fundi mmoja hapa Langoni, Lamu. Juzi alipita mgeni, akasema amesomea historia ya sanaa. Alitazama kazi yetu kwa muda, kisha akasema sanaa ya dunia ililelewa na dini: Wamisri na Wagiriki walikuwa na miungu, wakaichonga, ndiyo wakawa na sanaa. Nyinyi dini yenu ilikataza, mkabaki na mapambo. Nilikosa la kumjibu. Je, ni kweli? Na haya maua tunayoyachonga kila siku yana maana gani? La mwisho: mwenye hoteli mmoja huko Shela anataka mlango wenye kichwa cha simba. Fundi wangu ameikataa kazi. Amekosea?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Nilicheka kidogo niliposoma kwamba ulikosa la kumjibu, maana nilipokuwa rika lako niliambiwa maneno hayo hayo, tena darasani, na mwalimu niliyempenda. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa juu ya ngazi katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, nakwangua lipu iliyooza kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Huko tutafika. Kwanza tumpe mgeni wako haki yake, kwa sababu nusu ya maneno yake ni ya kweli.

Chukua Misri ya mafirauni. Watu wengi hudhani zile picha za makaburini zilichorwa ili zitazamwe. Fundi alimaliza kazi yake, maiti akaingizwa, mlango ukazibwa, na rangi zote zile zikaachwa gizani. Kaburi la firauni Tutankhamun wezi wa zama zile zile waliwahi kulichokora, kisha likasahauliwa kwa zaidi ya miaka 3,000, mpaka mchimbaji wa Kiingereza, Howard Carter, alipolifikia mwaka 1922. Sasa jiulize: nani huchora ukuta mzima kisha akaufukia? Mtu anayeamini kwamba picha ina kazi ya kufanya. Mkate uliochorwa ulikuwa chakula cha marehemu, ng'ombe aliyechorwa alikuwa mali yake. Ndiyo maana katika lugha yao neno mojawapo la kumwita mchongaji lilikuwa na maana ya "mwenye kuhuisha".

Ukishajua kazi, umbo linajieleza lenyewe. Uso umegeuka pembeni lakini jicho ni zima la mbele, mabega yanakutazama lakini miguu inakwenda zake. Kuna wanaosema hawakujua kuchora. Walijua sana! Kila kiungo walikionyesha kwa upande unaokitambulisha vizuri zaidi, kwa kuwa mtu huyu alitakiwa awe kamili huko aendako. Kabla ya kuchora walipiga miraba ukutani, na mtu aliyesimama alipimwa miraba 18 kutoka wayo hadi nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Kipimo hicho kilidumu karne nyingi kuliko umri wa mji wowote wa pwani yetu. Na tazama kilichotokea kilipoguswa: karibu mwaka 1350 kabla ya Nabii Isa, firauni Akhenaten aliiacha miungu mingi akaabudu duara la jua peke yake, na mara miili michoroni ikabadilika, nyuso zikawa ndefu, matumbo yakalegea, mapaja yakanenepa. Alipokufa, ibada ya kale ikarudi, na mtindo wa kale ukarudi nayo. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa dini kuushika mkono wa fundi.

Iraq nako hali ni hiyo, kwa namna yao. Katika miaka ya 1930 wachimbaji walifukua, chini ya sakafu ya hekalu huko Tell Asmar, sanamu 12 za watu waliofumbata mikono kifuani, wenye macho makubwa ya kutisha, yametumbuliwa kama ya mtu aliyenyimwa usingizi. Zina umri wa miaka 4,500 na zaidi. Zilikuwa mawakili wa waumini: mwenyewe yuko shambani au sokoni, sanamu yake imesimama mbele ya mungu inaomba kwa niaba yake, usiku na mchana. Wakili huyo hapaswi kusinzia, na macho ndiyo kazi yake.

Mpaka hapo mgeni wako yuko sawa. Ila angalia jambo moja: hakuna hata mmoja kati ya mafundi hao aliyeamka asubuhi akasema anakwenda kufanya sanaa kwa maana aliyoikusudia mgeni wako, kitu cha kuning'inizwa ukutani watu wakitazame na kusifu. Kulitenga hilo na "mapambo", hili likawekwa juu na lile chini, ni mpango uliokuja kushika mizizi Ulaya katika karne ya 18. Wagiriki walikuwa na neno moja kwa kazi ya mchonga sanamu na ya seremala. Sisi nasi neno letu sanaa tumelitoa katika Kiarabu, ambako mzizi wake ni kutengeneza, kazi ya mikono yenye ujuzi. Kwa neno letu lenyewe, fundi wako ni msanii tangu alipotia patasi yake ya kwanza. Anayehitaji kueleza kwa nini anatenganisha ni huyo mgeni.

Na Wagiriki anaowataja nao hawakuanza peke yao. Sanamu zao za mwanzo za vijana wa kiume zimesimama mguu wa kushoto mbele, mikono imebanwa mbavuni, vidole vimekunjwa: ni msimamo wa Misri mtupu, umevuliwa nguo tu.

Tuje sasa kwenye katazo.

Kwanza, halikuwa la Waislamu peke yao. Wafuasi wa Buddha, kwa karne kadhaa za mwanzo, hawakumchonga Buddha kama mtu. Walichonga nyayo, gurudumu, mti, kiti kitupu. Wakristo wa Konstantinopoli waligombana juu ya picha takatifu kwa zaidi ya karne, kuanzia miaka ya 720 hadi 843, zikavunjwa, zikarudishwa, zikavunjwa tena. Na mwaka 1566 Waprotestanti wa Uholanzi walivamia makanisa wakabomoa sanamu. Wachoraji wa huko, kanisa lilipoacha kuwapa kazi, waligeukia samaki, matunda na mwanamke anayemimina maziwa, na leo watu hupanga foleni kuviona.

Pili, katazo letu lenyewe watu hulisimulia kwa jumla mno. Qur'ani inakemea kuabudu masanamu. Makemeo dhidi ya watengeneza picha za viumbe yako zaidi katika hadithi. Kuna moja ambayo mchongaji yeyote wa Lamu angepaswa kuijua kwa moyo. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas akamwambia: riziki yangu inatokana na mikono yangu, natengeneza picha hizi. Ibn Abbas akamtajia onyo la Mtume, yule mtu akasawijika uso. Basi akamwambia, ikiwa huna budi, tengeneza mti, na kila kisicho na roho. Soma tena. Hapo fundi hakuambiwa aende akalale. Ameelekezwa.

Na wapo waliochora watu pia, mahali pake. Qusayr Amra, nyumba ya kuogea ya watawala wa Bani Umayya katika jangwa la Jordan, ina kuta za nusu ya kwanza ya karne ya 8 zilizojaa wawindaji, wanamuziki na wanawake wanaooga. Hayo ni ya hamamuni. Lakini Kubbatu Sakhra, yaani Kuba la Mwamba, huko Baitul Muqaddas, iliyokamilika mwaka 72 Hijria, yaani 691 au 692, haina hata ndege. Ina mizabibu, mitende, vito na maandishi, katika vipande vya kioo vya kazi ya Kirumi ya mashariki. Ni ufundi wa makanisa, umepewa kazi mpya.

Maandishi yalipopewa kazi iliyokuwa ya sanamu, nayo yakadai vipimo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940 baada ya siasa kumkatisha mkono wa kulia, aliipima kila herufi kwa nukta ya kalamu: alifu ni nukta kadhaa, na urefu wake ndio kipenyo cha duara linalozaa herufi nyingine. Unaikumbuka ile miraba 18? Wamisri walipima mwili, Baghdad wakapima neno. Kwetu maandishi hayo yapo kwenye mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kwa hati ya Kufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Yapo katika misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu karne za 18 na 19, kurasa zake zimepambwa kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Na hapa mtaani kwenu alikuwapo Muhammad Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945: mwandishi wa hati, mshairi, na mchongaji wa milango. Kwake kalamu na patasi vilikuwa vya mkono mmoja.

Sasa nikurudishe Mkomani, juu ya ngazi.

Nyumba zile za mawe unazijua: daka la mlangoni, kiwanda yaani ua wa ndani, misana yaani vyumba virefu, kisha ndani kabisa ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake dogo la lipu ya chokaa. Nilikuwa nasafisha kimoja kwa brashi nikashangaa: umbo hili nimeliona wapi? Nimeliona katika picha za mahekalu ya Kirumi. Warumi walibonyeza kishubaka ukutani, wakakipa nguzo mbili na tao, wakamsimamisha mungu wao ndani. Wakristo wakalirithi umbo hilo makanisani. Kisha, khalifa al-Walid alipoamuru Msikiti wa Mtume Madina ujengwe upya, kati ya mwaka 706 na 710, gavana akiwa Umar bin Abdulaziz, wanahistoria wa Kiislamu wanataja mafundi wa Kikopti kutoka Misri, na hapo ndipo inapotajwa mihrabu ya kwanza iliyobonyea ukutani. Kishubaka ni kile kile, nguzo zile zile, tao lile lile. Sanamu haimo. Kilichokuwa kikimkalisha mungu sasa kinaonyesha kibla.

Mgeni wako angesimama mbele ya mihrabu ile aseme hapa pamekosekana kitu. Mimi nasema ule utupu ndio kazi yenyewe, na ulitengenezwa kwa makusudi na mtu aliyejua vizuri kilichokuwamo zamani. Kwetu Lamu tao hilo likaingia majumbani, likazaa zidaka kwa makumi, zikawekwa sahani za China na misahafu, katika sehemu ile ya nyumba ambayo bibi harusi hutolewa na maiti huoshwa karibu yake. Mshairi wa Pate aliyelilia miji iliyokufa, alipotaka kuonyesha jinsi dunia inavyogeuka, alizitaja zidaka hizo hizo: zilizokuwa na sahani, sasa zimelaliwa na makinda ya ndege.

Kuhusu maua, jibu langu huenda likakuudhi. Ua lako lina historia ndefu kuliko maana yake. Mwaka 1893 mtu mmoja wa Vienna, Alois Riegl, aliyekuwa akitunza nguo na mazulia katika makumbusho, alilifuatilia pambo moja hatua kwa hatua: yungiyungi la Misri, linalofunga jioni na kufunguka alfajiri, hivyo kwao likawa alama ya jua na ya kufufuka, likapita kwa Waashuri, likawa jani la vidole kwa Wagiriki, likatambaa kama mzabibu kwa Warumi, na mwisho likawa ule mmea wa Kiislamu usio na mwanzo wala mwisho, tawi linazaa jani, jani linazaa tawi. Kila dini ilichukua umbo kutoka kwa iliyotangulia ikaacha maana mlangoni. Fundi wako akichonga ua lenye petali sita au nane kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, mkono wake unarudia mikato ambayo walioifanya kwanza waliiombea miungu ambayo leo hakuna anayeijua. Yeye hana habari nao, wala hana dhambi yao.

Kwa hiyo usiwaamini sana wanaowatembeza wageni na kamusi mfukoni: samaki ni uzazi, mnyororo ni biashara ya watumwa, ua hili ni idadi ya wake. Huo mkato wa mnyororo unaosokotana upo kwenye mawe ya Iraq ya kale na sakafu za Kirumi, kabla hajazaliwa mwenye nyumba wa kwanza wa Lamu. Mlango wetu unapotaka kusema jambo, hulisema kwa maandishi kwenye kizingiti cha juu, wazi, kila ajuaye kusoma asome.

Pwani nayo haikupokea tu. Panda gari mpaka Malindi, uyaone makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma, kisha uendelee hadi Mambrui ambako nguzo ilipachikwa bakuli za China. Vuka hata hapo Manda, kwenye magofu ya Takwa, uone nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Arabuni hutaikuta nguzo ya namna hiyo. Ni ya watu wa pwani hii, kutoka Somalia hadi Tanzania. Na hizo bakuli! Nyingi za buluu na nyeupe za zama zile zina yungiyungi, ambalo Wachina walilitukuza kwa sababu ya Buddha, limechorwa kwa rangi ya kobalti ambayo katika karne ya 14 iliagizwa kutoka Iran. Ua la Buddha, rangi ya Waajemi, kwenye kaburi la Mwislamu wa Mambrui. Waliozipachika walitaka kitu kizuri kinachong'aa juani kwa ajili ya mpendwa wao, nami siwalaumu.

Jirani tu, bara ya Malindi, Wagiriama wana vigango, na hawa nawataja kwa sababu mgeni wako asingewaona. Mzee wa chama cha Gohu akifa, huchongewa nguzo ya mti mgumu yenye kichwa cha duara na mwili uliokatwa pembetatu ndogondogo, mkato ambao wewe ungeutambua mara moja. Kigango kinamkalisha marehemu miongoni mwa watu wake. Hakihamishwi, huachwa mpaka kiliwe na mvua na mchwa. Kuanzia miaka ya 1970 vingi viliibwa vikauzwa Marekani kama "sanaa ya Kiafrika", vikasimamishwa sebuleni chini ya taa. Mwaka 2007 familia moja ya Kilifi ilirudishiwa viwili vilivyokuwa vimefika katika makumbusho ya huko. Huo ndio ubaya wa kuuliza "hii ni sanaa au si sanaa" kabla ya kuuliza ina kazi gani: unakiita kitu kwa jina la heshima huku umekinyang'anya kazi yake.

Nimebakisha simba wako.

Mimi si mufti. Hukumu muulize sheikh wako. La historia naweza kukwambia. Simba mlangoni ni kazi ya zamani mno: lango la Ishtar huko Babeli, lililojengwa karne ya 6 kabla ya Nabii Isa, na njia iendayo huko zilipangwa simba na wanyama wengine kwa matofali ya kung'aa, wawe walinzi na alama za miungu. Na Waislamu wa Granada, karne ya 14, waliweka simba 12 wa mawe wabebe birika la maji katika kasri la Alhambra. Kwa hiyo mtu asikwambie haijawahi kufanyika. Lakini kasri la Granada halikuwa karakana ya Langoni, na fundi wako anayo haki ya kukataa kazi isiyo ya mkono wake, kama fundi wa miraba 18 ambavyo angemkataa mteja aliyetaka mtu mwenye miraba 20. Sioni kosa.

Ningekuwa wewe ningerudi kwa huyo bwana wa hoteli nimuulize simba anamtakia nini. Nakisia atasema anataka mlango wenye nguvu, wa kumfanya mgeni asimame. Hilo mnaweza kumpa bila kichwa cha mnyama: miimo mipana, mfaa uliojaa, misumari mikubwa ya shaba, na juu mstari wa hati nene iliyopimwa kwa nukta kama ya Baghdad. Mchoreeni kwenye karatasi kwa kipimo kamili, mkauegemeze mchoro penye mlango wenyewe ausogelee na kurudi nyuma mwenyewe, kabla hamjagusa ubao. Akishikilia simba wake, wapo mafundi wengine.

Na mkipata ubao wa mbambakofi mkavu kwa bei ya haki, nipeni habari. Mlango wangu wa uani umeliwa na mchwa mpaka kwenye bawaba.